Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mmetupima sonona kwenye simu, sasa nani anatutibu?

Kwa waheshimiwa wote mlioshika dhamana ya afya ya akili na mambo ya wazee, mlio hapa mkoani mpaka mlio juu yao.

Kutoka kwa binti anayemuuguza mama yake, Ngamiani, Tanga.

YAH: SISI TUNAOUGUZA WAZEE WENYE DIMENSHIA (UGONJWA WA KUSAHAU) KUPIMWA SONONA (HUZUNI INAYOKUWA UGONJWA) MTANDAONI KISHA KUACHWA KWENYE MATAA

Assalaam aleikum. Shikamooni mlionizidi umri, na walio rika langu habari za kazi.

Waheshimiwa, mi si mtu wa kuandika mambo yangu hadharani, hata ndugu zangu wananijua. Lakini nimeshafika ofisini mara tatu, mara ya kwanza naambiwa mhusika yuko semina, mara ya pili naambiwa andika barua, nikaandika kwa mkono kurasa mbili nikapigiwa muhuri kuwa imepokelewa, mara ya tatu naambiwa barua haionekani. Sitataja ofisi wala jina la mtu, sitaki yule kijana wa mapokezi apoteze kibarua kwa kosa ambalo si lake. Wenyewe mnajijua.

Kwanza mnijue kidogo. Mama yangu ana miaka 76. Zaidi ya miaka 30 amepika vitumbua, watu wengi wa Ngamiani wa rika langu wameenda shule na vitumbua vyake. Sasa hivi ni mwaka wa nne ana ugonjwa wa kusahau, ingawa hilo neno kusahau linadanganya, manake mtu anadhani ni kusahau funguo. Mama anaamka saa tisa usiku anauliza mchele umelowekwa, anasema wateja wanasubiri, na ukimwambia mama biashara tuliacha zamani anakuangalia kama mwizi umeingia ndani. Juzi nimesinzia kidogo tu nikashtushwa na harufu ya iliki, nikasema alhamdulillah leo nimeota vizuri. Kufika jikoni namkuta kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, beseni mbele yake, anakoroga. Iliki kaweka sawasawa, kipimo kilekile cha zamani. Sukari ndo hakuweka, kaweka unga wa sabuni, povu limempanda mpaka kwenye viwiko. Akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, hebu onja kama sukari imekolea."

Nilicheka sana. Alafu nikaenda uani nikalia mpaka adhana ya alfajiri.

Mwanzoni tulipita kote mnakokujua, tukaambiwa karogwa na mwenye meza ya jirani kisa wateja, tukanywa makombe, hela ya cherehani langu la pili ikaishia huko, mpaka daktari mmoja akatukalisha akatuambia huu ni ugonjwa wa ubongo kama vile presha ni ugonjwa wa mishipa, na kwa mama inawezekana presha yenyewe ya miaka mingi imechangia. Dawa ya kuuponya hakuna. Kuanzia hapo ndugu wakakaa kikao, na nyie mnajua vikao vya ndugu vinavyoishaga, zamani mzigo mzito alipewa Mnyamwezi, siku hizi anapewa binti aliyeachika. Dada yuko Dar anatuma hela, simlaumu. Mi nikafunga kibanda cha ushonaji.

Sasa hiyo linki. Mwezi wa tatu nesi mmoja kwa nia nzuri kabisa akanitumia kwenye wasapu: jipime afya yako ya akili wewe unayemtunza mgonjwa wa dimenshia, ni bure, na ukionekana una sonona utapata matibabu hukohuko mtandaoni. Niliifungua usiku mama alipolala. Maswali 9, unaulizwa kwa wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na jambo fulani, unajibu hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku, kila jibu lina alama kuanzia 0 mpaka 3. Yule nesi alinieleza baadae kuwa maswali hayo yametoka Marekani, yalichapishwa 2001, yanatumika dunia nzima na ni bure kuyatumia. Jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 ndo wanaanza kusema huyu aangaliwe. Mi nilipata 17.

Simu ikaniandikia: Asante kwa kushiriki. Una dalili za sonona. Tafadhali muone mtaalamu wa afya aliye karibu nawe. Chini yake picha ya ua.

Basi. Mpaka leo.

Malalamiko yangu ni haya, naomba myasome moja moja.

1. Swali la tisa. Linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ingekuwa bora ufe, au kujidhuru. Waheshimiwa, nilijibu siku kadhaa. Ilinichukua muda kubonyeza pale, kidole kilikuwa kinatetemeka, manake sikuwahi kumwambia binadamu yeyote, na nikasema afadhali kumbe kuna mtu ameuliza. Jina langu nimeshaandika, namba yangu nimeshaandika, mtaa nimeshaandika. Hakuna aliyepiga. Siku ya kwanza nilikaa na simu mpaka chooni. Siku ya nne nikajiona mjinga. Mnaelewa hilo jambo linamfanyaje mtu? Mngekaa msiniulize ningekuwa na siri yangu, lakini mmeniuliza, nimewajibu, mkanyamaza. Namshukuru Mungu nilimpigia dada wiki ile ile nikamwambia yote, akapanda basi akaja, ndo maana leo naandika. Na we mwenzangu unayesoma hii ukiwa na mawazo kama hayo, usikae na simu ukisubiri linki, mwambie mtu wa karibu leo hii au nenda kituo cha afya kilicho karibu useme hivyo hivyo bila kuzunguka.

2. Kiswahili cha ile fomu. Kuna sehemu wameandika "umekuwa ukijisikia chini". Chini wapi jamani, sakafuni? Huku kwetu mtu anasema moyo mzito, roho haina raha, nina mawazo, kichwa kimejaa. Mjomba wangu anayemuuguza mkewe kule Pongwe alijibu hapana kabisa kwenye hilo swali, akaniambia mi sijisikii chini, mi nimechoka tu na sina raha na dunia. Akapata alama ndogo, simu ikampongeza! Wenzetu wa Zimbabwe waliliona hili mapema, maswali yao waliyatunga kwa maneno ya Kishona, wana neno lao kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mtu anajijua humo. Sisi wenye Kiswahili tunaletewa Kiswahili kama cha maelekezo ya kutumia pasi.

3. Alama yenyewe 17. Hapa naomba mtulie kidogo. Usingizi nilijipa 3, uchovu 3, kula 2, kushindwa kutuliza akili 2. Hizo tayari ni 10. Sasa mi silali kwa sababu mama halali! Nimechoka kwa sababu nambeba kumpeleka kuoga. Sili vizuri kwa sababu nikigeuka kupakua ugali yeye kashafungua geti yuko njiani kwenda kwenye meza yake ya vitumbua, ambayo siku hizi pana duka la simu. Simaanishi kwamba mi sina sonona, hapana, zile 7 zilizobaki nazijua zilipotoka, na kuchoka kwenyewe kukizidi kunaweza kukufikisha huko. Ila simu haiwezi kutenganisha uchovu wa kazi na moyo mzito wa sonona, mtu ndo anaweza, akikaa na wewe dakika ishirini akakuuliza ukipata usiku mmoja wa kulala inakuwaje. Kwa mwingine dawa ni hiyo tu, mtu amshikie mgonjwa usiku mmoja alale.

Na nilivyoenda kwa huyo mtaalamu aliye karibu nami kama nilivyoelekezwa, kijana mzuri mwenye adabu, akaniuliza mgonjwa yuko wapi? Nikamwambia ni mimi. Akaangalia kompyuta akasema wewe haumo, hiyo linki ni ya mradi mwingine mifumo haisomani. Akaniandikia vidonge vya usingizi. Sijavinywa. Nikilala fofofo saa tisa usiku nani atasikia geti?

4. Hayo matibabu ya mtandaoni. Baada ya mwezi na kitu ikaja linki nyingine, masomo sita. La kwanza ni video ya dakika 40, bando langu likaisha mzungumzaji bado anajitambulisha. Nikaweka bando jingine. Kuna sehemu sauti ya mwanamume inasema kaa mahali tulivu, vuta pumzi taratibu, toa. Mahali tulivu! Mama akasikia ile sauti akaja na mtandio kajifunika vizuri, akaniambia mbona una mgeni hujampa kahawa? Ikabidi nipike kahawa waheshimiwa, nikaiweka mbele ya simu, ndo akaridhika akarudi kukaa. Sisemi mafunzo ya kuvuta pumzi ni mabaya, yananisaidia kweli, mpaka leo nafanya nikiwa namsubiri mama amalize kuvaa. Lakini kosa ni kumuachia mtu peke yake na video. Hata huko wanakofanya sana hizi tiba za mtandaoni wameona kwamba watu wakiachwa wenyewe wengi wanaishia njiani, na wakiwa na mtu wa kuwapigia hata dakika kumi kwa wiki wanafika zaidi na wanapata nafuu zaidi.

5. Siri. Majibu yalikuja tena kwa meseji ya kawaida, na simu yangu anaishika mwanangu wa kidato cha pili kufanyia masomo. Yeye ndo alisoma kwanza. Akaniuliza mama sonona ni nini. Hapo sina la kuongeza.

Najua mtakachosema, nimeshaambiwa robo yake pale dirishani.

Mtasema wataalamu wa akili ni wachache. Ni kweli kabisa, nani asiyejua. Tunayo hospitali ya akili ya Lutindi kule Korogwe tangu enzi za Mjerumani, lakini mi nahitaji mtu wa kunisikiliza nikiwa bado nasimama, sijafika kwenye kitanda cha hospitali. Na kwa hilo si lazima awe daktari bingwa. Kule London kuna programu inaitwa START, vikao 8 vya mtu na mtu kwa wanaotunza wagonjwa wa dimenshia, wanafundishwa namna ya kukabiliana na tabia za mgonjwa, namna ya kubadili mawazo yanayokula mtu, kupanga hata jambo dogo la kujifurahisha, na wapi pa kuomba msaada. Waliofundisha walikuwa vijana waliomaliza digrii ya saikolojia, si madaktari, wanasimamiwa na mtaalamu. Waliwajaribia watu 260, matokeo yakachapishwa 2013, sonona na wasiwasi vilipungua, na walipowafuata baada ya miaka miwili bado nafuu ilikuwepo. Mkisema hao ni Wazungu haya njooni Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 na bibi 14 tu kwenye mabenchi ya nje ya kliniki kule Mbare, Harare, bibi wa kawaida wamefundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu atatue tatizo moja kwanza. Utafiti wao ulichapishwa 2016 ukaonyesha watu walipungua sonona. Tanga hii tutakosa bibi wa kusikiliza? Mtaa wangu peke yake ninao wanne, na wawili kati yao wanatunza siri.

Mtasema bajeti. Nyie wenyewe Januari 2024 serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Hao watu wanapita majumbani kuuliza mambo ya mama na mtoto, kifua kikuu, chandarua. Kuongezewa swali moja, hapa nani anamuuguza mzee na yeye mwenyewe anaendeleaje, kunahitaji jengo? Na mwongozo wenyewe wa WHO, Shirika la Afya Duniani, unasema sonona isiyo kali isikimbiliwe kwa vidonge vya sonona kwanza, mtu aanze kwa mazungumzo. Mazungumzo hayanunuliwi MSD, bohari ya dawa ya serikali.

Mtasema hatuna tatizo kubwa hilo, dimenshia ni ya huko kwa walioendelea. Utafiti uliofanywa Hai, Kilimanjaro, si mbali na hapa, ulikuta karibu asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea wana dimenshia. Duniani WHO inasema ni zaidi ya watu milioni 55, na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi kama zetu. Masaa ya kuwatunza asilimia 70 yanabebwa na wanawake. Na mpango wa dunia wa dimenshia, wa 2017 mpaka 2025, uliweka lengo asilimia 75 ya nchi ziwe na mafunzo na msaada kwa watunzaji ifikapo 2025. Sijui nyie mlihudhuria kikao hicho au mliambiwa mhusika yuko semina.

Na hili la mwisho ndo linaniuma zaidi. Mkubwa mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kumtunza mama ni radhi, hiyo si kazi ya kulalamikia." Baba yangu, radhi naitafuta usiku na mchana. Pepo iko chini ya nyayo za mama, nimefundishwa hivyo madrasa na naamini. Lakini mwenye kufunga Ramadhani akiumwa anaruhusiwa kula, kwa nini mwenye kumuuguza mama akiumwa haruhusiwi kusema?

Ninachoomba sasa.

Kwanza, msitume tena hiyo linki mpaka kila atakayejibu swali la tisa chochote zaidi ya hapana awe anapigiwa simu na binadamu siku hiyo hiyo, akishindikana kesho yake asubuhi. Kama hamuwezi hilo, lifungeni. Naongea kwa uzito.

Pili, fomu ipitiwe na watu wanaouguza wazee, wa Tanga hapa, wa Pangani, wa Lushoto, tukae siku moja tuseme sisi tunaitaje hayo mambo. Posho sitaki, mnilipie tu mtu wa kukaa na mama.

Tatu, matibabu yawe ya simu ya kupigiwa na si video. Simu ya kitochi inatosha, wengi wetu hatuna smatifoni na wenye nazo hatuna bando. Mtu mmoja yule yule kila wiki, nisielezee habari ya sabuni upya kila mara. Kama ni masomo, WHO tangu 2019 wana programu ya iSupport ya watunzaji, ina ya mtandaoni na ina kitabu chake pia kwa asiye na intaneti. Kichukueni mkitafsiri vizuri, na tafadhali asitafsiri yule wa kujisikia chini.

Nne, jina langu lisomeke kituoni. Mtu akitumwa na linki akafika, akutwe anajulikana.

Tano, majibu yasitumwe kwa meseji. Mtu aulizwe kwanza anataka kuambiwaje.

Nakala ya barua yangu ya kwanza, ile ya mkono isiyoonekana, ninayo ina muhuri wenu na tarehe, nikiitwa nitakuja nayo. Nategemea jibu ndani ya siku 30. Lisipokuja nitamwandikia mbunge, alafu nitaendelea kuandika, usiku wa manane nina muda mwingi kuliko mnavyofikiri.

Namba yangu mnayo, niliijaza kwenye fomu yenu. Kati ya saa nne na saa sita asubuhi ndo muda mzuri, mama huwa kalala. Nitapokea.

Wenu,
Binti wa mama vitumbua,
Ngamiani, Tanga.